Jumamosi za Bi Shufaa

Mwalimu Leodgar alipuliza filimbi mara ya tatu, akangoja. Uwanja wa shule ulikuwa mtupu kama sahani iliyolambwa. Waliokuja walikuwa watoto watatu tu: wawili walitumwa kisimani wakapita kushangaa, na wa tatu alikuwa na jipu gotini, hawezi kukimbia. Ng'ambo ya barabara ya mchanga, nyuma ya uzio wa makuti, jenereta ilikuwa ikinguruma, na juu ya ngurumo hiyo vikapanda vicheko vya watoto wengi kwa pamoja. Mwalimu wa miaka mingi huzijua sauti za wanafunzi wake hata akifumba macho. Katikati ya vicheko vile Leodgar alikitambua kimoja, kile kinachokwama kooni kidogo kabla ya kufunguka. Kilikuwa cha Rozalia, mwanawe wa pekee.

Akaitia filimbi mfukoni, akawaaga watatu wale kwa adabu, kana kwamba walikuwa mia tatu.

Leodgar alikuwa mtu wa bara, milimani, aliyelelewa na bweni kuliko alivyolelewa na mama. Huko bwenini walioga mtoni alfajiri maji yakiwa bado na meno, wakakimbia mbio za nyika kabla ya uji, wakalima bustani waliyokula. Alitoka huko na imani ambayo hakuna aliyeweza kuitikisa: kwamba mtoto hujengwa na jua, upepo na jasho lake mwenyewe, na kwamba mtoto aliyefungiwa gizani kutazama watu wengine wakikimbia atakuwa mtu mzima wa kutazama wengine wakiishi. Imani hiyo ilikuwa sahihi wakati ule, nayo ni sahihi leo. Alikuja nayo Ruaruke alipopewa ualimu mkuu, akiwa mjane mwenye binti mdogo mgongoni, na kwa miaka saba watu walimheshimu kwa sababu alilohubiri alilitenda.

Kisha Bi Shufaa akaleta video.

Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kujaza ua, wa ukoo uliouza mpunga na mikeka kando ya mto tangu enzi za mababu. Serikali ilipolegeza kamba za biashara na kila mwenye kitu akapata ruksa ya kukiuza, alipeleka uduvi mkavu Dar es Salaam na kurudi na marobota ya mitumba. Safari moja akashuka Kibiti na televisheni iliyoviringishwa ndani ya godoro, deki yake, na jenereta. Kijiji kizima kilitoka kuipokea kama bibi harusi. Toka siku hiyo, kila Jumamosi na kila jioni mafuta yalipopatikana, watoto waliingia katika ua wake na yai, au nazi, au kipande cha muhogo, au mikono mitupu.

Jumamosi hiyo ya uwanja mtupu Leodgar alivuka barabara.

"Hodi humu!"

"Karibu, Mwalimu!" sauti ikamjibu kutoka gizani. "Watoto, msogezeeni Mwalimu jamvi. Umekuja wakati wenyewe, baba. Huyu mwenye sharubu sasa hivi atajua kwamba anayepigana naye ni nduguye tumbo moja."

"Sikuja kutazama. Nimemfuata mwanangu."

"Mchukue, ni wako. Ila ngoja huyu mwenye sharubu amtambue ndugu yake, maana ukimwondoa sasa, usiku hatalala na wewe hutalala."

"Mwalimu aingie tu, yai hadaiwi!" msichana mmoja akasema, na giza likacheka. Leodgar aliitambua sauti ya Sikujua, rafiki wa Rozalia, mtoto aliyekuwa na ulimi wa watu wanne.

Macho yake yalipozoea giza akaona. Filamu ilikuwa ya Kihindi, na Bi Shufaa hakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Lakini hilo halikumzuia kuwaeleza watoto kila neno lililosemwa na mengine ambayo hayakusemwa. Mwenye sharubu alikuwa ametoka Mafia kutafuta mirathi. Mama yao alikuwa na wifi mchawi. Leodgar hayo hayakumgusa. Kilichomgusa ni kwamba Rozalia alikuwa ameketi chini, kichwa kikiwa kimelala pajani mwa Bi Shufaa, na vidole vya mwanamke yule vilikuwa vikimsuka nywele bila hata kutazama, mafungu manne yamekwisha na la tano mkononi. Yeye, Leodgar, kwa miaka yote hiyo alikuwa akimnyoa binti yake kwa mkasi, kipara, kama walivyonyolewa bwenini. Miezi hii alikuwa amemwachia nywele zikue kwa sababu mtoto alimwomba, asijue zinakuzwa kwa ajili ya mikono ya nani.

Kitu kikamchoma chini ya mbavu. Alikiita hasira, kwa kuwa hasira ina heshima.

"Rozalia. Nyumbani."

Mtoto akainuka na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Walipofika mlangoni ndipo aliponong'ona, "Sasa sitajua."

"Hutajua nini?"

"Kama alimtambua."

*

Jumatatu, mbele ya gwaride, Leodgar alipiga marufuku video siku za shule, na marufuku ikashikwa, kwa kuwa fimbo yake haikuwa ya mapambo. Lakini Jumamosi haikuwa siku ya shule, na alikuwa mtu wa sheria mno kuweza kuinyoosha sheria ipite mahali pasipo pake. Akaamua kushindana kwa haki. Alitangaza matembezi. Watoto arobaini walikuja, wengi kwa woga. Aliwapanga mistari miwili kwa urefu, akawaongoza mpaka kwenye ukingo wa mikoko, akawaonyesha kila mti na jina lake, akawataka walirudie kwa pamoja, akawarudisha kwa mistari ile ile kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyepotea, hakuna aliyeumia. Alirudi ameridhika kabisa.

Jumamosi iliyofuata walikuja sita.

"Kwani hukufurahi?" alimwuliza Rozalia wakila.

Mtoto alitafuna kwanza. Alikuwa amefundishwa kutosema na chakula mdomoni. "Nilifurahi, baba. Ila tulikuwa kama tumekwenda kuhesabiwa."

Usiku ule alilala akijua maadui zake wawili: kile kioo chenye kuwaka, na mwanamke aliyekaa pembeni yake. Alijifariji kwamba adui wa kweli ni kioo. Binadamu gani angeweza kushindana na picha zinazotembea? Hata nabii angekosa wasikilizaji. Jenereta ikiharibika, alijiambia, nitawapata wote.

*

Mpunga ukaanza kutia maziwa, na ndege wakaja. Watu wa Ruaruke wakahamia mabondeni kama wafanyavyo kila mwaka, wakakaa madunguni, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mashamba, kuamia mpunga kwa kuwafukuza ndege kutoka alfajiri hadi magharibi. Miaka ya nyuma Leodgar mwenyewe alikuwa akivamia madungu hayo na fimbo kuwatoa watoto waje darasani, na wazee walimlaani kwa Kindengereko wakidhani hasikii.

Jumamosi moja akasikia kimya. Hapakuwa na ngurumo wala vicheko. Alitoka nje kuhakikisha: ua wa Bi Shufaa umefungwa kwa komeo, jenereta imefunikwa gunia. Moyo wake ukaruka kwa furaha ambayo haikumstahili mwalimu mkuu. Alivaa viatu vyake vya ngozi, akachukua filimbi na mpira mpya aliousafirisha kutoka Kibiti, akasimama katikati ya uwanja, akapuliza.

Hakuja hata yule wa jipu.

Alipuliza mpaka Mshamu, fundi mitumbwi na mwenyekiti wa kamati ya shule, akasimama barabarani na tezo begani.

"Unamwita nani, Mwalimu?"

"Watoto. Video si imefungwa?"

"Imefungwa. Yule kijana aliyekuwa akimlindia Shufaa shamba amekimbilia mjini, basi amekwenda kukaa dunguni mwenyewe. Na watoto wote wako huko kwake."

"Amepeleka televisheni bondeni?"

"Televisheni ataichomeka kwenye mpunga?" Mshamu akacheka. "Amekwenda na mdomo wake tu. Ile filamu aliikatiza ikiwa haijesha, akawaambia anayetaka mwisho wake amfuate shambani. Wamemfuata kama vifaranga. Na wangu watatu wamo. Wanarudi wamekuwa weusi kama masufuria, wanakula kama wachimba visima, wakigusa mkeka wamelala. Mama yao anamwombea Shufaa dua."

Leodgar aliushika mpira kwapani akarudi nyumbani. Alifunga mlango, akaketi. Jambo lililompata lilikuwa baya kuliko video. Maadamu palikuwa na mashine, aliweza kusema ameshindwa na mashine, na hakuna aibu mtu kuzidiwa mbio na gari. Sasa mashine imefunikwa gunia, na watoto wale wale wametoka gizani kwenda juani, wanakimbia, wanapumua, wanafanya kila alichokihubiri tangu avuke mto kuja upande huu. Wanafanya kwa ajili ya mwingine. Neno hasira halikutosha tena kulifunika jambo hilo. Alilitazama akalijua jina lake, wivu, na kujua jina lake hakukulipunguza makali.

*

Jumatano aliitisha kamati. Walikaa darasani, wazee wenye magoti marefu kwenye madawati mafupi, na Leodgar akasimama kuwaeleza kwamba watoto wa shule wanatumikishwa katika shamba la mtu binafsi, juani, bila ujira na bila ridhaa ya shule. Hoja ilikuwa nzuri. Moyo ulioibeba ndio haukuwa safi, na alilijua hilo hata akizungumza.

Wazee walisikiliza mpaka mwisho. Kisha Mshamu akakohoa.

"Mwalimu, tuongoze, sisi hatukusoma. Miaka yote ulikuja madunguni na fimbo, ukasema watoto watoke mashambani. Tukatii. Mwaka huu ukasema watoke mbele ya video, waende nje. Wametoka, wako nje, tena siku ya mapumziko. Leo unasema watoke huko nje. Sasa tuwaweke wapi? Tuonyeshe pahala, tutawaweka."

Darasa likacheka, si kwa ubaya. Leodgar alisimama wima kama mlingoti mpaka kicheko kikaisha.

"Lakini mkuu wa shule ni wewe," Mshamu akaendelea, sasa bila mzaha. "Ukisema marufuku, tutatia sahihi wote hapa, na Shufaa atatii. Hatutaki watoto wasikie maneno mawili, lako na letu. Sema."

Neno lilikuwa ulimini. Lilikuwa na herufi chache tu, nalo lingemrudishia uwanja wake.

"Nipeni mpaka Jumamosi," alisema. "Nikajionee."

Habari zilimtangulia nyumbani. Rozalia alikuwa amepika, ameosha vyombo, amefagia, nywele zake zote zimesukwa mistari minyoofu kuelekea kisogoni. Miguu ilikuwa na mikwaruzo ya majani ya mpunga, na uso wake, Leodgar aliona kwa mara ya kwanza, ulikuwa umenona na kung'aa kama uso wa mama yake alipokuwa msichana.

"Yule Sikujua anasema utatukataza."

"Sijaamua."

"Ukitukataza nitatii," alisema mtoto, akiwa amemtazama machoni. "Nitakuja uwanjani, nitasimama kwenye mstari. Lakini nitakuwa nimenuna, baba. Kila Jumamosi. Nakuambia mapema usije ukasema sikukuambia."

Hakuna mkaguzi wa elimu aliyewahi kumtisha Leodgar namna ile. Kwamba angetii alikuwa na hakika; ndivyo alivyomlea. Aliona mbele yake miaka ya utii huo, chakula kikipakuliwa kwa wakati, salamu zikitolewa kwa heshima, na uso ule umefungwa.

*

Jumamosi alikwenda bondeni na viatu vyake vya ngozi.

Aliwasikia kabla hajawaona. Shamba la Bi Shufaa lilikuwa refu, limejipinda kufuata mkono wa mto. Dungu lilikuwa kaskazini, na kutoka kwenye nguzo zake kamba zenye makopo zilitanda juu ya mpunga. Bi Shufaa alikuwa amekaa juu, miguu inaning'inia, na watoto wamejaa chini yake na kwenye ngazi na juu ya matuta, wengine na teo za kurushia madongo shingoni. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, makusudi, ili wasogee.

"...akafungua kasha. Ndani ya kasha mna kasha jingine. Akafungua la pili. Akaona..."

Akanyamaza. Kidole chake kikaelekea mashariki. Kundi la ndege lilikuwa likishuka juu ya mpunga kama moshi unaorudi jikoni.

"Akaona nini, Bi Shufaa?"

"Nitajuaje? Ndege wanakula hadithi yangu."

Watoto walilipuka. Leodgar hakuwahi kuona kukimbia kwa namna ile, si gwarideni, si bwenini kwake enzi zile. Walivuka matuta, wakaangukia matopeni, wakainuka, makopo yakalia, teo zikavuma, na arobaini au hamsini wakapiga ukelele mmoja mpaka ndege wakanyanyuka na kuvuka mto. Waliorudi kwanza walipata pahala karibu na ngazi. Rozalia alikuwa wa pili, tope mpaka kiunoni, akimsukuma Sikujua kwa bega.

Hivi ndivyo alivyotaka, hivi hasa. Alisimama akautazama utimilifu wa imani yake kama mtu anayetazama karamu kwenye nyumba ya jirani.

"Mwalimu!" Bi Shufaa akamwona. "Panda. Ngazi inabeba, imenibeba mimi."

Akapanda. Watoto wakanyamaza wote kwa pamoja, na kimya hicho kilimwuma.

"Nendeni mkaoge mtoni," Bi Shufaa akawaambia. "Pale penye kina kifupi. Wakubwa washike wadogo." Walipokwisha kwenda akamgeukia. "Umekuja kukagua. Kagua."

"Nimekagua."

"Basi nami nitakuambia jambo, na ukilisema kijijini nitalikana. Mwanao ananitia wivu."

Leodgar alidhani amemkejeli. "Wewe?"

"Mimi. Nikisema jua limezama, yeye husema baba anasema jua halizami, dunia ndiyo inayogeuka. Nikimtosa jambazi baharini azame, baba anasema maji ya chumvi yanamwelesha mtu. Hadithi yangu nzima imejaa baba anasema, baba anasema, mpaka natamani nimkanye." Alitazama mtoni, ambako vichwa vilikuwa vikizama na kuibuka. "Mimi sikujaaliwa kuzaa, Mwalimu. Nimenunua kioo kile nipate watu uani. Ikifika jioni wote wanarudi kwenu. Hakuna mahali panaposemwa mama anasema, mama mwenyewe akawa mimi. Kwa hiyo ukiwakataza, kataza. Ila usije ukajidhania kwamba ni wewe tu unayeumwa."

Leodgar naye aligeukia mto. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa mtu mwenye maradhi kama yake.

Rozalia alirudi peke yake, maji yakimchuruzika, akasimama chini ya ngazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Umeshaangalia?"

"Nimeangalia."

"Basi?"

Alikuwa ametunga hotuba njiani. Haikumjia. Zilizomjia zilikuwa sheria, maana sheria hazikuwahi kumtupa. "Wadogo wasikae juani adhuhuri. Mtoni mtu mzima asimame ukingoni, muda wote. Siku za shule, hakuna. Na kila mtoto aliyelinda apate fungu lake la mpunga siku ya mavuno."

"Watapata," alisema Bi Shufaa, "na pilau juu yake."

Rozalia alikuwa bado akingoja. Uso ulikuwa haujanuna wala haujafunguka.

"Nani analinda kule mwisho?" Leodgar akauliza, akionyesha kusini, ambako mpunga ulijipinda ukapotelea nyuma ya matete na ndege walikuwa wakipanda na kushuka watakavyo.

"Hapana mtu," alisema Rozalia. "Kule hadithi haisikiki. Kila anayepangwa analia."

Leodgar akavua viatu. Akavua soksi, akazikunja, akazitia ndani ya viatu, akaviweka dunguni vikitazama nje. Akakunja suruali mpaka magotini, akaomba teo. Bi Shufaa akampa ya kwake bila kusema kitu, na kwa mwanamke yule hilo lilikuwa jambo kubwa.

Alilinda kusini peke yake. Madongo yake yalikwenda popote isipokuwa kwa ndege, lakini alikuwa na pafu la kuliamrisha gwaride zima, akapiga kelele, akapiga makofi, akakimbia ukingo hadi ukingo mpaka shati likamganda mgongoni. Ndege wakimpa nafasi ya kupumua, upepo ulimletea vicheko kutoka dunguni, vicheko bila maneno, na kila vilipokuja lile jambo la chini ya mbavu liliamka, likamwuma, akalikimbia kwa kuwafuata ndege wengine.

Jua lilikuwa limeanza kulegea alipoona mtu anakuja juu ya tuta, mbio, mikono imetanuliwa asidondoke. Alikuwa Rozalia. Alifika akihema.

"Kasha la pili lilikuwa na barua ya mama yao! Bi Shufaa amesema hivyo, lakini mimi nadhani anatudanganya, maana yule mama hakujua kusoma, alituambia mwenyewe wiki iliyopita. Sasa sikiliza, baba. Mwenye sharubu akaisoma, kumbe mwenziwe yuko nyuma ya mlango..."

Alisimulia kwa mikono. Aliishusha sauti mahali pa kushusha, akanyamaza mahali pa kunyamaza, kidole kimeinuka. Kila kitu, hata kile kidole, kilikuwa cha Bi Shufaa, na Leodgar alikiona na kikamwuma. Lakini aliyeacha pahala pake karibu na ngazi akavuka matuta yote yale alikuwa Rozalia, na aliyekuja kusimuliwa hakuwa mwingine. Alisimama katika matope akamsikiliza kama ambavyo hakuwahi kumsikiliza mtu.

"...mlango ukafunguka, na mwenye sharubu akageuka, akasema..."

"Akasema nini?"

Mtoto alikuwa akitazama juu ya bega lake. Kundi lilikuwa linashuka penye matete, zito, likipiga kelele.

"Ndege, baba!" alisema, na akawa ameshaondoka.

Leodgar akamfuata, pekupeku, akipiga ukelele.